Sindano ya Shaba kwenye Meza ya Dadu

Ukitaka kujua kama uchawi wa mchezo fulani umetungwa vizuri, weka kufuli mbele ya wachezaji. Tuseme vijana wanne wameketi barazani Ganjoni, Mombasa, wakicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, na wahusika wao wamefika usiku kwenye ghala lililofungwa, kando ya hori la Mbaraki. Mmoja wao amemjenga mhusika wake kuwa mwizi: alama zake zote kazitia kwenye vidole vyepesi na vifaa vya kufungulia. Kabla hajaokota dadu, mwenzake mwenye mganga anatamka nuizo linaloitwa Knock. Mlango wazi. Mwizi anarudi kwenye sahani ya viazi karai, hana kazi tena.

Toleo la 3 la mchezo huo, lililotoka mwaka 2000, liliacha hayo yatokee hivyo hivyo. Toleo la 5, la mwaka 2014, halikulifuta nuizo hilo. Liliongeza sharti: kufuli likifunguka, hutoka mshindo unaosikika umbali wa futi 300, yaani kama mita 90. Mlinzi aliyelala ataamka. Mwizi, kwa upande wake, hufungua kimya kimya, ila anaweza kushindwa. Ghafla kundi lina jambo la kubishania: wapite kwa uhakika au wapite kwa siri? Sharti moja tu limemrudishia mwizi heshima yake, na mganga bado ana nuizo lake.

Tatizo lenyewe, la mganga kuwafunika wenzake, lina umri wa mchezo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, waliazima utaratibu wa uchawi kwa mwandishi Jack Vance, ambaye kitabu chake The Dying Earth kilichapishwa 1950. Mganga hukariri nuizo. Akilitamka, linafutika akilini hadi alikariri upya. Wa ngazi ya kwanza alikuwa na nuizo moja tu. Akishalitumia, alijificha nyuma ya wenye mapanga na kuomba uhai. Hesabu iliyokuwamo ni kwamba unyonge wa mwanzo unalipia ukuu wa mwisho. Kwenye karatasi inapendeza. Mezani, makundi mengi huvunjika kabla ya kufika huko mwisho, na yanayofika humkuta mpiganaji amegeuka mchukuzi wa mizigo ya mganga. Urari unaodai miaka ya subira si urari.

Toleo la 4, mwaka 2008, lilijaribu dawa kali: kila mhusika, awe wa upanga au wa manuizo, alipewa uwezo uliogawanywa kwa namna moja, mwingine wa kila mara, mwingine wa mara moja kwa pambano, mwingine wa mara moja kwa siku. Mizani ilitulia. Lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba mganga na mpiganaji sasa wana ladha moja, na lalamiko hilo ni la haki.

Toleo la 2014 likarudi kwenye nafasi za kuhesabu, yaani idadi ya manuizo ambayo mganga anaweza kuyatamka kabla ya kulala. Mganga wa ngazi ya 5 ana nafasi mbili za daraja la 3, na humo ndimo linamokaa Fireball: dadu 8 za pande sita, wastani wa pointi 28 za jeraha kwa kila adui aliyemo ndani ya duara akishindwa kukwepa. Mpiganaji wa ngazi hiyo mwenye upanga mkubwa na nguvu za kutosha hupiga mara mbili, wastani wa 22 akipata zote. Kwa adui mmoja, wanakaribiana. Kwa maadui sita waliosongamana, hakuna mjadala. Kinachomzuia mganga ni uchache wa nafasi, na hapo ndipo wasimamizi wengi, wale wanaouongoza mchezo, wanapoteleza. Mwongozo wa msimamizi wa toleo hilo uliihesabu siku ya mchezo kuwa na mapambano sita hadi manane ya kati au magumu. Msimamizi anayeweka pambano moja, kisha akaruhusu kundi lilale saa nane, amegawa uchawi bure. Asilaumu kitabu.

Dawa yake ni saa, na Mombasa haikosi saa. Jahazi la adui litang'oa nanga maji yakijaa. Kundi likilala, linaamka na bandari tupu.

Breki nyingine ya toleo hilo ni umakini: manuizo mengi ya kudumu hayawezi kushikiliwa mawili kwa pamoja, na mganga akijeruhiwa hurusha dadu kuona kama lake limeponyoka. Ni sheria fupi, na pengine ndiyo bora kuliko zote kitabuni, kwa sababu inawapa wenye mapanga sababu ya kumlinda mganga na inawapa maadui sababu ya kumtafuta.

Hata hivyo, sharti lililosukwa vizuri kuliko yote hayo liko Lamu. Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unamhusu shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mbele ya msimamizi mwoga, mhusika huyo angekataliwa mlangoni. Tazama lakini jinsi kisa kinavyomtumia. Akiwa gerezani, kinga yake haimfungui pingu; anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na ngoma zinaziba sauti ya chuma kikikatwa. Akitegewa kwenye kikoa cha makoma ili apande mti na kupigwa mishale, anaepuka kwa kuyaangusha matunda kwa mshale wake. Kinga ni kubwa, lakini inajibu swali moja tu, na maswali mengine yote yanabaki kwa akili, kwa wapiga ngoma na kwa kijakazi anayebeba mkate. Hata mauti yake yanapatikana kwa kuulizwa: mfalme wa Pate anamtuma mwana wa Liyongo mwenyewe ajue siri. Kwa lugha ya mezani, udhaifu huo si namba, ni habari, na habari inatafutwa kwa kucheza.

Karibu zaidi na Ganjoni ipo Nguzo ya Mbaraki, ya mawe ya matumbawe, iliyosimama tangu karne ya 18 kando ya msikiti mdogo. Watu waliizuru kwa marashi na ubani, wakiamini pepo anakaa ndani. Msimamizi anayetaka uchawi wa pwani anapata hapa gharama ya namna nyingine: nguvu haihesabiwi kwa nafasi, inaombwa kwa mwenyewe, naye ana haki ya kukataa, kudai zaidi, au kukumbusha deni wakati mbaya.

Kwa hiyo anayetunga nuizo jipya aanze na mstari wa sharti, ndipo aandike nguvu. Kisha amsomee mchezaji mwenye mwizi. Akikunja uso, nuizo lirudi kwenye daftari.