Risasi Iliyowagawa Watazamaji

Filamu ya The American ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwanzoni mwa Septemba 2010, iliongoza kwa mauzo mwishoni mwa wiki ile kwa kuingiza zaidi ya dola milioni 13. Siku hizohizo CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji usiku wa kwanza wa onyesho, ilitoa alama waliyoipa: D-. Hata filamu mbovu kwa kawaida huikwepa alama hiyo, maana mtu aliyelipa kiingilio usiku wa kwanza huwa ameshaipenda nusu kabla hajaketi. Upande wa pili, mhakiki Roger Ebert aliipa nyota 4, kiwango chake cha juu kabisa. Kwa nini waliachana hivyo? Jibu la haraka ni kwamba filamu inakwenda polepole mno, wahakiki wana subira na umma hauna. Jibu hilo halitoshi. Kilichowagawa watu ni risasi moja inayopigwa dakika za mwanzo, na upolepole wote unaofuata hukolea au huchosha kulingana na jinsi mtazamaji alivyoipokea risasi hiyo.

Tulitazame tukio lenyewe. Tuko Sweden, majira ya baridi, kando ya ziwa lililoganda. Jack, muuaji wa kukodiwa anayeigizwa na George Clooney, anatembea kwenye theluji na mpenzi wake Ingrid. Wanaona nyayo. Jack anamvuta mwenzake nyuma ya jiwe, mdunguaji anafyatua, Jack anachomoa bastola ambayo Ingrid hakujua kwamba anayo na kummaliza mtu yule. Mpaka hapo tuko kwenye filamu tunayoijua, steringi kaonyesha kazi. Kisha anamwambia Ingrid arudi ndani akawapigie polisi simu, na mara tu anapompa mgongo, anampiga risasi ya kisogoni. Hatuelezwi kitu. Muda si mrefu gari liko ndani ya handaki lenye mwanga wa rangi ya chungwa na majina ya waigizaji yanapita. Muongozaji Anton Corbijn amefanya mambo mawili yasiyopatana katika tukio moja. Kwa upande mmoja ametoa kionjo cha mapigano, na mwenye kukipokea hivyo atakaa akisubiri mapigano mengine. Kwa upande mwingine ameweka swali zito kuliko mapigano yote: huyu mtu anamuua hata mpenzi wake akishaona mengi, je, atamuua na mwingine? Mwenye kulibeba swali hilo hadi Italia anatazama filamu tofauti kabisa na ile anayotazama jirani yake wa kiti cha pili.

Huko Italia, katika milima ya Abruzzo, Jack anajificha Castel del Monte, mji wa mawe wenye ngazi nyembamba na vichochoro visivyo na watu. Mara hii hapewi mtu wa kuua. Anatakiwa kumtengenezea mwanamke aitwaye Mathilde bunduki, na sehemu kubwa ya filamu ni mzee huyu wa kazi akiwa mezani kwake. Anatafuta vyuma gereji, anavikata, anavipiga tupa, anavipanga kimoja kimoja ndani ya bomba la kupunguza sauti, na kamera ya Martin Ruhe inatulia mikononi mwake mpaka kazi iishe. Kwa mwenye swali, ukimya ule una kazi. Jack anaunda silaha bila kujua itamlenga nani, na uangalifu wake unatufundisha sisi nasi kuangalia: gari lililosimama, mtu mkahawani, hatua nyuma ya ukuta. Mfano ulio wazi zaidi ni matembezi ya mtoni na Clara, kahaba anayempenda. Jack ameshaona bastola kwenye mkoba wa Clara. Mwanamke anavua nguo, anaingia majini, anamwita. Kwa yule anayesubiri mapigano, hapa pana mandhari na mwili mzuri basi. Kwa anayemkumbuka Ingrid, kila mkono unaogusa kikapu walichokuja nacho unatisha.

Watasema watu walidanganywa na trela. Ni kweli kwamba trela ilikusanya risasi na mbio zilizotawanyika katika dakika 105 na kuzibana pamoja, na anayelalamika kwamba alichouziwa sicho alicholetewa ana haki yake. Lakini mwaka uliofuata, 2011, Drive nayo ilinadiwa kama filamu ya kasi ilhali imejaa ukimya, ikapewa C-. Si alama ya kujivunia, ila ni afadhali. Nadhani tofauti iko kwa shujaa. Dereva wa Drive ni mkatili kupita Jack, tena damu inamwagika zaidi, lakini anaua kumlinda mwanamke anayempenda, na watazamaji humsamehe mtu wa namna hiyo mambo mengi, hata kunyamaza. Jack ameanza kwa kumuua aliyempenda. Kwa hiyo kukata dakika 10 za milima na kahawa kusingeiokoa The American. Ingebidi kuitoa ile risasi ya kisogoni, na bila hiyo meza ya kazi na mto vinabaki mapambo.

Kuna pingamizi la pili, gumu zaidi, kwamba Corbijn ni mpiga picha aliyejipatia jina kwa kuwapiga picha wanamuziki, na kwamba anatuweka mbele ya picha nzuri kwa sababu hajui kusimulia. Tukio la maandamano ya kidini karibu na mwisho linalijibu hilo vizuri. Mathilde yuko juu ya paa, amemlenga Jack kwa bunduki ileile aliyomtengenezea. Anafyatua, na silaha inamlipukia usoni, kwa kuwa fundi alikuwa ameichezea kabla ya kuikabidhi. Ile subira yote ya mezani inalipwa kwa sekunde moja. Aliyekuwa akiangalia saa wakati wa tupa na bomba anaona bahati tu. Aliyeangalia mikono anajua kwamba mtu anayepima kila kipande hakabidhi kitu hovyo.

Pale Corbijn anaposhindwa ni kwa padri Benedetto. Mzee huyo anamkaribisha Jack mezani, anamzungumzia dhambi na toba, na kila anapofungua mdomo anatamka yale ambayo kamera ilikwisha kuyaonyesha kwa ustadi zaidi. Upweke wa Jack tuliuona ngazini, hatuhitaji kuhubiriwa. Ajabu ni kwamba mazungumzo hayo, yaliyowekwa pengine kumsaidia mtazamaji asiyezoea ukimya, ndiyo sehemu pekee ambapo filamu inakwenda polepole kweli. Hapo waliotoa D- hawakukosea, na mimi ningeanza kukata padri kabla sijagusa hata shoti moja ya mlima.