Maneno ya Kale Yenye Sura ya Leo

Sherehe za maneno zinazobandikwa mwishoni mwa matoleo ya shule ya tamthilia za Shakespeare zina tabia moja ambayo imetuchosha sisi tunaozitumia. Hueleza yale ambayo mwanafunzi angeyauliza mwenyewe, na huyanyamazia yale yanayompotosha. Kijana akikutana na "thou" au "hath" hauoni ugeni huo kuwa jambo la kupuuza. Husimama, akauliza, akajibiwa. Ndivyo afanyavyo asomapo tenzi zetu za kale akakuta "nyuni" mahali pa ndege, au "mato" mahali pa macho. Neno lililovaa vazi la kale halimhadai mtu. Lihadaalo ni lile lililobaki na sura yake ileile ilhali maana imekwisha kuhama.

Na tulichukue neno "mere". Katika The Merchant of Venice, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600, Bassanio anakiri mbele ya Portia kwamba, ili apate fedha, alimtia rafiki yake rehani kwa adui wa rafiki huyo. Adui ndiye aliyepewa sifa ya "mere". Kwa miaka kadhaa tuliwafundisha wanafunzi wetu kuwa hapo Bassanio anamdharau Shylock: adui tu, si kitu. Tulikosea, tena kwa kujiamini. Asili ya neno hilo ni Kilatini, ambamo lilitumika kusifia divai isiyotiwa maji. Kwa Shakespeare lingali karibu na asili hiyo: adui halisi, adui mtimilifu, asiye na chembe ya urafiki. Baadaye wazo la kitu kisichochanganywa likageuka kuwa wazo la kitu kisicho na nyongeza, na ndipo neno likashuka hadi "tu" ya leo. Tazameni hasara yake! Kwa maana ya leo Bassanio anajitetea. Kwa maana ya kale anajishtaki, kwa kuwa alijua ni mikono ya nani aliyomkabidhi rafiki yake. Toleo tulilokuwa nalo lilieleza "hath" kwa uangalifu mkubwa. "Mere" halikuligusa.

Mengine ni mepesi kidogo. Portia, kesi ikiisha, asema yampasa kuondoka "presently". Si baadaye kidogo, bali papo hapo. Shylock amwitapo mlinzi wa gereza "naughty", hamtaji mtundu wa darasani. Amtaja mtu mwovu.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina mitego ya namna hiyohiyo. Katika Waraka kwa Warumi, mlango wa kwanza, Paulo asema alikusudia kwenda kwao lakini mpaka wakati huo alikuwa "let". Msomaji wa leo adhani aliruhusiwa, na sentensi yamvunjikia mikononi. Kumbe palikuwa na vitenzi viwili vya asili mbalimbali vilivyokuja kufanana umbo, kimoja cha kuruhusu, kingine cha kuzuia. Katika Wathesalonike wa Kwanza, "prevent" si kuzuia hata kidogo, ni kutangulia. Sasa fungueni Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952: pale pana kuzuiliwa, na hapa pana kutangulia, wazi kabisa. Wapo wenzetu wanaokataza Kiswahili kisisikike katika kipindi cha Kiingereza. Sisi twaona kuwa hapo Kiswahili ndicho kinachomfundisha mtoto Kiingereza.

Wala tusijisifu mno. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hiyo ya Venice, na mwaka 1969 ikatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno tulilolipata kutoka Bara Hindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutangazwa, na siasa ya miaka ile ililivuta neno upande wa unyonyaji. Hatudhani mfasiri hakulijua hilo. Ila mwanafunzi wetu wa leo aijua maana ya pili peke yake, na Antonio, mtu akopeshaye bila riba, amekwisha kuhukumiwa kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa.