Sifa za Mweka Misimbo

Mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, faili lake hupelekwa chumba cha kumbukumbu. Huko hulipokea mtu ambaye hakumpima mgonjwa wala kumtia machoni, lakini ndiye anayeamua ugonjwa wake utahesabiwaje nchini. Huyo ni mweka misimbo. Nataka kumsifu, maana kazi yake yote ni kusoma, na kusoma kwa uaminifu hakupatikani bila kufundwa.

Anayejifunza kazi hii, kama wanavyofanya wanafunzi wa kumbukumbu za afya katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba nchini Kenya, hukabidhiwa ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, wenye juzuu tatu. Kanuni ya mwanzo ni kutafuta ugonjwa kwenye faharasa, kisha kwenda kuuthibitisha kwenye orodha yenyewe kabla ya kuandika chochote. Mwenye haraka huona huu ni usumbufu. Lakini ni kwenye orodha ndipo unapokuta maelezo ya kinachojumuishwa na kisichojumuishwa, na mstari mmoja wa hayo huweza kumhamisha mgonjwa kutoka sura hadi sura.

Tuchukue malaria. Daktari akiandika "malaria" basi, msimbo ni B54, malaria isiyobainishwa. Akitaja kimelea cha falciparum, ni B50. Akiandika kwamba imeathiri ubongo, ni B50.0. Sasa mwanafunzi amesoma majibu ya maabara, ameona muuguzi ameandika degedege, na moyo unamwambia B50.0. Huenda yuko sahihi kabisa. Ila daktari hakuandika hivyo. Basi huinuka na faili lake, akaenda kumwuliza. Kudhani unajua jibu na bado ukaenda kuuliza: katika kazi za ofisini, sijaona nidhamu ninayoiheshimu kuliko hiyo.

Nidhamu hiyo ina uzito wake. Kisukari cha aina ya pili ni E11, na tarakimu inayofuata nukta hueleza kilikofika: 2 ni figo, 3 ni macho, 5 ni mishipa ya damu ya miguuni na kwingineko, 9 ni kisukari kisicho na madhara. Mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari akiandikiwa E11.9, vitabu vya serikali vitasema hakudhurika. Wakiwa wengi wa namna hiyo, mpanga bajeti atatoa wapi sababu ya kufungua kliniki ya miguu?

Haja ya hesabu sahihi si ya leo. Mtakwimu Jacques Bertillon wa Paris alipowasilisha orodha yake ya sababu za vifo mjini Chicago mwaka 1893, alitaka vifo vya nchi moja viweze kulinganishwa na vya nyingine. ICD-10 iliyoidhinishwa mwaka 1990 ni mjukuu wa orodha hiyo, na ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022, kwa hiyo hata wakongwe wanarudi darasani.

Somo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni cheti cha kifo. Kuandika kwamba moyo ulisimama hakutoshi, kwani kila afaye moyo wake husimama. Mweka misimbo hufundishwa kurudi nyuma, mstari kwa mstari, hadi kwenye jambo lililoanzisha mengine. Mama aliandikiwa mshtuko wa mwili. Chini yake, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Msimbo unaobeba kifo hicho ni O72, na kwa msimbo huo mama yule anahesabiwa miongoni mwa waliokufa kwa uzazi. Bila msomaji makini angepotea katika hesabu.

Daktari unayesoma haya, andika jina la ugonjwa kwa ukamilifu, na kwa mwandiko unaosomeka. Na mtu wa kumbukumbu akibisha hodi na faili mkononi, mkaribishe aketi.