Kutengeneza, kuunda au kuunganisha?

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, huenda ukakuta kibao: 'Tunatengeneza majiko'. Je, fundi huyo anakufulia jiko jipya au anaziba la zamani lililotoboka? Kibao hakisemi. Kijaluo nacho hakitusaidii, maana 'loso' hubeba yote mawili.

Kibaoni si neno. Shida ni taarifa rasmi, ambamo 'manufacture' hutafsiriwa 'kutengeneza' bila kufikiri mara mbili. Neno lenyewe la Kiingereza lina kioja chake. Lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa: manus ni mkono, facere ni kufanya. Awali lilimaanisha kazi ya mikono. Leo ati ni kazi ya mitambo, na kilichofanywa kwa mkono kimetafutiwa jina jingine!

'Tengeneza' nalo lina ukoo na 'tengenea', yaani kuwa sawa. Kwa hivyo anayetengeneza huweka sawa kilichopo. Wa kuleta kisichokuwepo ana kitenzi chake: unda. Johnson, katika kamusi yake ya 1939, alikihusisha na useremala, hasa uundaji wa vyombo vya majini. Humo ndimo tulimopata 'muundo', na juzijuzi 'maunzi' ya kompyuta. Pale Dunga, fundi anayepigilia mbao juu ya mkuku wa mashua anaunda. Akirudi baadaye kuziba ufa, anatengeneza. Mvuvi hachanganyi bei za kazi hizo mbili.

Sasa hebu tuitazame MV Uhuru, meli iliyovusha mabehewa ya reli ziwani. Iliundwa Scotland miaka ya 1960, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu. Ukiandika 'ilitengenezewa Kisumu', umewanyima Waskoti jasho lao. Ukiandika 'iliundwa Scotland' ukanyamaza, umewafuta mafundi walioisimamisha hapa ufuoni. 'Kuunganisha' ndilo neno linalompa kila mtu haki yake, na sioni kwa nini tunalionea aibu.

Kijana wa Nyalenda akiahidiwa ajira katika 'utengenezaji', anastahili kujua mapema: atafunzwa kuunda injini, au kukaza skrubu za injini iliyoundwa kwingine? Ujuzi si mmoja, na mshahara si mmoja.

Wenzangu wananiambia nimechelewa, mtaa umeshaamua, 'tengeneza' limemeza yote. Mtaani nakubali, maana mteja wa Kibuye atamuuliza fundi ana kwa ana. Lakini mkataba wa zabuni, bwana, nani atauuliza ulimaanisha nini?