Matundu, Kulabu na Vipandio: Istilahi za Bodi ya Pikapu

Watunga istilahi wamezoea kushughulikia injini, gia na breki, na kuiacha sehemu ya nyuma ya gari ijitafutie majina yenyewe. Hata hivyo, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, sehemu hiyo ndiyo ifanyayo kazi. Msimu wa korosho unapofika, pikapu huchukua magunia vijijini na kuyafikisha kwenye maghala ya vyama vya ushirika. Majina ya kingo za bodi, na ya mahali mpakizi anapokanyaga, ni majina ya usalama wa mtu na mali. Makala haya yanakusudia kukosoa njia moja ya kuyatafsiri.

Njia hiyo ni ya neno kwa neno. Wamarekani huliita eneo la mizigo kwa jina la kitanda, ukingo wake kwa jina la reli, na tundu lililo juu ya ukingo huo kwa jina la mfuko. Mfasiri akiandika “mifuko ya reli za kitanda”, atakuwa ametumia maneno ambayo kila msomaji anayajua, na hakuna fundi hata mmoja atakayeelewa kinachotakiwa.

Tuyakague maneno hayo moja moja. Kitanda ni cha kulalia, na madereva wetu wamekwisha kusema “bodi”. Reli nayo ina historia yake Nachingwea: ilifika huko pamoja na Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Neno hilo huko lina maana ya njia ya garimoshi, na hapana sababu ya kulipachika kwenye gari wakati tunalo neno “ukingo”. Kosa kubwa zaidi liko katika “mfuko”. Mfuko hupokea kitu na kukihifadhi. Tundu hili hupokea mguu wa mti au wa chuma ili usimame wima, ubao uongezwe ubavuni au turubai litandazwe juu. Isitoshe, mfuko ni kipimo cha saruji na mbolea. Agizo la “kufunga magunia kwenye mifuko” litamchekesha mpakizi kabla ya kumwelekeza.

Tunapendekeza “tundu la mwimo”. Mwimo ni mti wa wima wa mlango, na kila fundi seremala anaujua. Huenda ikasemwa kwamba vijana siku hizi husema “fremu”. Hoja hiyo ina uzito, lakini fremu ni umbo zima, na hapa tunahitaji jina la mti mmoja tu unaoingia katika tundu moja.

Upungufu mwingine wa kunakili orodha ya kigeni ni kwamba huacha vitu tulivyo navyo. Pikapu nyingi za Kijapani zitumikazo kwetu hufungwa kamba kwenye kulabu zilizopangwa ubavuni mwa bodi, wala si kwenye tundu la juu. Orodha inayofuata gari la Kimarekani itataja tundu na kusahau kulabu. Vitu hivi viwili havina kazi moja: kamba iliyofungwa kwenye mwimo wa mbao haina nguvu sawa na ile iliyofungwa kwenye kulabu iliyochomelewa kwenye chuma. Kitabu cha maelekezo kisichotenganisha mambo haya kinaweza kumwangushia mtu shehena.

Kuhusu kupanda, maneno yanayogombea ni manne. “Ngazi” ni chombo kizima, na tena ni daraja la cheo. “Kidato” kimechukuliwa na shule za sekondari. “Kikanyagio” ni cha breki na mafuta. Linabaki “kipandio”, nalo linatosha: kipandio cha ubavuni, kipandio cha nyuma, kipandio cha kukunja. Palipo na kipandio chenye jina, mwenye gari aweza kukidai na mwalimu wa udereva aweza kukifundisha. Pasipo na kipandio, mpakizi mwenye gunia begani hukanyaga tairi au bampa.

Watumishi wa halmashauri wasidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Afisa akiandika katika zabuni kwamba pikapu “iwe na ngazi”, mzabuni aweza kuleta ngazi ya kuegemeza, asiwe amevunja mkataba. Na tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, neno hilohilo laweza kusomwa mbele ya hakimu.

Wananchi hawangoji ofisi ili waunde majina. Chama kikuu cha ushirika cha wilaya hizi na jirani yao kinaitwa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na jina hilo limekubalika bila ubishi kwa kuwa kila silabi yake ina mwenyewe. Mtunga istilahi naye aanze kwenye karakana na kwenye ghala, asikilize utingo anasemaje, ndipo afungue kitabu cha kigeni. Tunawaomba walimu wa ufundi na wafasiri wayajaribu maneno “ukingo wa bodi”, “tundu la mwimo”, “kulabu ya kamba” na “kipandio” kazini mwao, kisha watuletee maoni, hasa pale ambapo mafundi wanalo neno bora zaidi.