Sitiari ya "Madoadoa" na Riwaya ya Siku Njema

Kiongozi anayejidai kuwa sauti pekee ya umma hulazimika kwanza kuuteua umma wenyewe. Baada ya mikutano ya kudai majimbo iliyofanyika Kapsabet na Kapkatet mnamo Septemba 1991, uteuzi huo ulitekelezwa kwa sitiari. Katika siasa za Bonde la Ufa za miaka hiyo, jirani aliyetoka kwingine aliitwa "doadoa". Sitiari hii haina ukali wa tusi, na hapo ndipo penye hatari yake. Doa haliulizwi limefika lini wala limelima ekari ngapi, huondolewa tu. Aidha, huchukuliwa kwamba palikuwapo nguo safi. Kitale haikuwa na nguo hiyo. Ulikuwa mji wa masetla, na baada ya uhuru mashamba yake yalinunuliwa na watu wa asili nyingi, Wabukusu kutoka Bungoma wakiwa miongoni mwao. Ghasia zilipofika Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, aliyefukuzwa shambani alipoteza pia kituo chake cha kupigia kura.

Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kulelewa karibu na Kitale, alichapisha Siku Njema mwaka 1996. Riwaya haiyataji majimbo. Hata hivyo, safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale ni jibu kwayo: huyu mwana wa pwani, ambaye mwanasiasa angemhesabu doa, ndiye msomaji anayemtakia mema hatua kwa hatua. Wahakiki wengi wameisifu safari hiyo kuwa ni ya umoja wa Afrika Mashariki. Sifa hiyo ina haraka. Kinachompeleka Kongowea Kitale ni kumtafuta baba. Haki yake ya kufika huko, kwa hivyo, ni ya damu. Mhubiri wa majimbo asingekuwa na pingamizi hapo, kwani naye hupima uraia kwa nasaba. Je, Kongowea angepokewaje asingekuwa na baba Kitale? Riwaya haithubutu kuuliza.

Swali hilo lilingoja hadi Kufa Kuzikana (2003), ambamo vijana wawili wa makabila yanayohasimiana hufungamana kwa urafiki, pasipo baba wa kuwapatanisha.