Usiiamini Nukta Moja

Pembetatu yenye ncha A(–3, 2), B(1, 5) na C(–2, –4) imehamishwa bila kugeuzwa wala kukuzwa. A imeangukia A′(4, –1). Kanuni ya uhamisho huo ni ipi?

Hii ni kazi ya kutoa tu: ulikofika, toa ulikotoka. Kwenye mhimili wa x, 4 – (–3) = 7. Kwenye mhimili wa y, –1 – 2 = –3. Kila nukta imekwenda hatua 7 kulia na 3 chini, nasi tunaandika (x, y) → (x + 7, y – 3). Hivyo B inafika (8, 2), na C (5, –7).

Wengi hujikwaa kwenye 4 – (–3), wakaandika 1. Dawa yake ni kuhesabu miraba kwa kidole: –3 hadi sifuri ni 3, sifuri hadi 4 ni 4, jumla 7. Wengine hutoa kinyumenyume, wakapata –7 na 3. Hiyo nayo ni kanuni, ila ya kuirudisha pembetatu ilikotoka.

Kosa baya zaidi hujificha ndani ya hesabu iliyo sahihi. Chukua swali jingine, ambalo halijasema umbo limefanywa nini. Tunaona tu P(2, 3) imefika P′(–2, 3). Tofauti ni –4 na 0, basi mtu anaandika (x – 4, y) na kufunga daftari. Sasa mwite Q(5, 1), aliyefika Q′(–5, 1): tofauti ni –10 na 0. Umbo halikuhamishwa, limeakisiwa kwenye mhimili wa y, kama uso kwenye kioo. Kwa pembetatu, pima ncha zote tatu.

Wapima ardhi wa Kenya na Tanzania wanalijua hili la kutoiamini nukta moja. Ramani za zamani zilifuata mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia mwingine, WGS 84. Kuvuka kutoka wa kwanza kwenda wa pili, kwenye mihimili mitatu inayokutana katikati ya dunia, wastani wa nchi hizi mbili ni kujumlisha mita –160, –6 na –302. Kwa Tanzania peke yake, ni –175, –23 na –303. Wastani haukai sawasawa kila mahali, ndiyo maana mpimaji makini huanzia kwenye bikoni zinazojulikana, tena zaidi ya moja, kabla hajagusa mpaka wa shamba la mtu.